Pete Iliyokwaruza Meza ya Wakwe

Mpendwa Mama Annonciata,

Nakuomba unisaidie kabla sijaharibu kioo kingine. Mimi ni mjane, Mtanzania, ninaishi hapa Garland, Texas, mume wangu Gaudence alifariki mwaka jana, wiki ile ya mvua ya mawe iliyotoboa magari ya watu, moyo ulisimama akiwa kazini ghalani, tukamsafirisha kwao Rombo tukamzika, kisha mimi nikarudi kwa sababu kazi yangu iko huku na mwanangu Brandon yuko huku. Shule sikufika mbali, kwa hiyo nikichanganya mambo utanisamehe, na jina langu naomba usilitoe.

Jambo lenyewe ni pete. Tulipotimiza miaka ishirini ya ndoa Gaudence alinivisha pete ya dhahabu yenye jiwe moja, mbele ya watu, kwenye ukumbi wa kanisa, akasema hii ni almasi, nami niliamini kwa sababu siku ile alivaa tai, na Gaudence hakuwa mtu wa kuvaa tai kwa jambo la uongo. Alinikataza kitu kimoja tu, nisiipeleke kwa sonara hata kuisafisha. Aliisafisha mwenyewe kila Jumapili kabla ya misa, kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa Brandon wa utotoni, ule wenye picha ya bata. Na siku za Jumamosi nikikanda chapati nilikuwa naivua nampa, yeye anaivaa kidole cha mwisho, inaishia kwenye kiungo cha kwanza maana vidole vyake vilikuwa vinene, basi anakaa kwenye stuli pale jikoni ameinua kile kidole juu kama kimeumwa na nyuki, ukimuuliza unafanya nini anasema, "Niko zamu." Hatoki pale mpaka nimalize kukanda, hata simu ikiita hapokei kwa mkono ule.

Sasa sikiliza kilichotokea. Tuliporudi kutoka Rombo watu walikuja nyumbani kwa sala ya kumaliza msiba, na akaja Kidawa, ambaye ni Mpare, nesi, anakaa Grand Prairie. Wasomaji wako Wakenya huenda hawajui, lakini sisi Wachaga na Wapare ni watani, na mtani akija msibani ana ruhusa ya kufanya anachotaka na hakuna wa kumkasirikia. Kidawa alipitia mlango wa gereji, akavaa koti la marehemu na viatu vyake vya kazini, akaingia sebuleni anachechemea kama Gaudence goti lilipokuwa linamsumbua, akakaa kwenye kiti chake akashika rimoti akasema, "Mama Brandon, chai iko wapi, na ukitumia majani usiyatupe, bado yana nguvu." Mama Annonciata, ilikuwa sauti yake kabisa. Watu walicheka, padri alivua miwani akafuta machozi, mimi mwenyewe nilicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Ndipo akanishika mkono, akauinua kwenye taa, akasema, "Jamani njooni mwone. Mchaga anunue almasi? Mchaga anunue kitu kisichozaa wala kupangishwa? Hiki ni kitako cha chupa ya bia." Watu wakaanguka. Nami nikacheka nao. Lakini walipoondoka, nikiwa naosha masufuria, nikaiangalia ile pete kwenye povu nikajiuliza, na kwa nini alinikataza kwenda kwa sonara?

Tangu hapo sina raha. Nilitazama kwenye simu video za watu wanaofundisha kutambua almasi ya kweli na ya bandia. Wa kwanza alisema uipulizie pumzi, ukungu ukiondoka mara moja ni ya kweli, ukikaa ni bandia. Nikapuliza, lakini iliyoingia ukungu ni miwani yangu, kwa hiyo sikuona kitu. Nikavua miwani, nikapuliza tena, sasa sikuona kitu kwa sababu sina miwani. Mara ya tatu niliisogeza machoni kabisa na nilikuwa nimetoka kunywa chai ya tangawizi, na nilivyoona mimi ukungu ulikaa, na nitakwambia ukweli, nilisikia nafuu, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Halafu nikaanza kulia. Sijui ni mambo gani hayo.

Mwingine alisema itie kwenye glasi ya maji, ikizama ni ya kweli. Ikazama. Nikatia kifungo cha koti la Gaudence, nacho kikazama. Nikatia na punje ya haragwe, ikazama. Mwingine alisema iweke juu ya gazeti, ukisoma maandishi kupitia jiwe basi ni kioo tu, nikatumia jarida la parokia, nikaona herufi kama mchwa wanahama, sasa sijui kuona mchwa ni kusoma au si kusoma. Mwingine alisema ichome moto halafu itumbukize kwenye maji baridi, hiyo sikuthubutu, niliwasha jiko nikakaa naliangalia mpaka Brandon akaingia akasema, "Mom, are you okay?" nikamwambia napasha jiko.

Lakini kuna aliyesema almasi hukwaruza kioo, na huyu ndiye aliyeniponza. Nilianza na chupa tupu ya jamu, ikakwaruzika. Nikasema labda kioo cha jamu ni laini, nikajaribu mlango wa oveni, nao. Nikajaribu kioo cha bafuni, pale pembeni, nacho. Kila kikikwaruzika nafurahi kwa ajili ya Gaudence halafu moyo unaanguka, nikawa nasema huenda ni vioo vya bei rahisi, natakiwa kupata kioo cha maana.

Basi, mwezi uliopita tulikwenda Pearland kujitambulisha kwa kina Kanana, msichana ambaye Brandon anataka kumuoa. Ni Wameru wa Kenya, watu wazuri sana, baba nesi, mama nesi, Kanana mwenyewe nesi, wote hospitali kubwa za Houston. Sebuleni wana meza ya kioo, nene, inang'aa, haina hata alama ya kikombe. Tukala, tukazungumza vizuri, halafu Brandon akasema mbele ya wote, bila kuniuliza kwanza, kwamba wakati wa Krismasi angependa kumvisha Kanana pete ya mama yake, ile aliyopewa na baba. Mama Kanana akafuta macho. Kanana akanishika mkono. Mimi nikatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Baba Kanana akasema tuombe.

Na Mama Annonciata, Baba Kanana anaomba kwa marefu. Amepita Meru, amepita Rombo, ameombea visa za watu, na wote wamefumba macho, na ile meza iko hapa mbele ya magoti yangu. Nikasema moyoni, hiki ndicho kioo cha maana. Nikageuza pete, nikavuta mstari mdogo tu.

Ililia kama mlango wa geti. Baba Kanana akasema amina katikati ya neno.

"Hiyo ni nini imelia?" akauliza.

"Labda ni panya," akasema Brandon.

Mama Kanana akamwambia, "Brandon, huku Pearland hatuna panya."

Nikasema ni tumbo langu. Nilikuwa nimeshaweka sahani ya sambusa juu ya ule mkwaruzo.

"Tumbo inalia hivyo?" Baba Kanana akauliza, na ameshasimama. "Mama Brandon, na hiyo maumivu iko upande gani?"

Ilikuwa nyumba ya manesi watatu. Nililazwa kwenye kochi. Mama Kanana alileta mashine ya presha, Baba Kanana akanibonyeza tumbo akiniuliza nilikula nini jana, Kanana akanipima joto. Presha ilikuwa juu, na ungekuwa wewe isingekuwa juu? Walinifungia chakula laini nikaondoka nacho, na tangu siku ile Kanana ananiandikia kila asubuhi, "Mum, tumbo imeamkaje?" nami namjibu afadhali kidogo. Siwezi kupona ghafla, na siwezi kuendelea kuumwa, maana sasa wanataka nikafanyiwe kipimo cha kuingiziwa mpira wa kutazama tumboni.

Shida yenyewe ndiyo hii. Vidole vya Kanana ni vyembamba, kwa hiyo Brandon anasema twende wote watatu kwa sonara Dallas pete ipunguzwe. Sonara ataiweka kwenye ile darubini yake, na kama ni kitako cha chupa atasema pale pale mbele ya Kanana, na Gaudence hayupo wa kujitetea. Nimefikiria kwenda peke yangu kwanza ili nijue. Nimefikiria kununua nyingine inayofanana nimpe hiyo. Nimefikiria kusema imeanguka kwenye unga wa chapati imepotea. Maana kama ni bandia siwezi kumpa mkwe kitu bandia, itabidi nibaki nayo mwenyewe, hakuna namna. Lakini kama ni ya kweli, basi nitampa, nitafanyaje tena. Niambie ni kipimo gani cha uhakika ambacho naweza kukifanya nyumbani bila kumkosea marehemu.

Ni mimi mjane mwenye pete, Garland.

*

MAMA ANNONCIATA ANAJIBU

Mama mwenzangu, pole kwa msiba, na pole kwa tumbo ambalo halikuumi.

Umeniomba nisitaje jina lako, nami nimetii, ingawa wewe mwenyewe umemtaja marehemu, mwanao, mkweo, mtani wako na jarida la parokia. Garland si kubwa kiasi hicho. Wakati unasoma haya Kidawa atakuwa ameshayasoma kwa sauti kwenye chumba cha mapumziko cha hospitali yao.

Nianze na jiwe, maana ndilo ulilouliza. Kabla ya kazi hii ya kujibu barua nilisimama miaka kadhaa nyuma ya kaunta ya vito hapa Houston, kwa hiyo vipimo vyako navifahamu, na hakuna hata kimoja ulichokifanya kinachokwambia kitu. Pete nzima ya dhahabu ikizama kwenye maji, umethibitisha kwamba dhahabu si boya. Kusoma gazeti kupitia jiwe kunahitaji jiwe lililo peke yake, si lililoshikwa na pete, na kunahitaji msomaji mwenye miwani. Pumzi ni kweli huondoka haraka juu ya almasi, lakini huondoka haraka vilevile juu ya mawe mengine ya kutengenezwa, na huchelewa juu ya almasi halisi yenye mafuta ya chapati. Na kukwaruza kioo, ndugu yangu, kioo hukwaruzwa na mawe mengi, ya kweli na ya bandia, hata mchanga hukwaruza. Umeharibu chupa ya jamu, oveni, bafu na uchumba, na hujui zaidi ya ulivyojua siku ile ukiwa na mikono kwenye povu. Moto nakushukuru kwa kuuogopa. Almasi ya kweli yenye ufa kidogo ndani ingeweza kupasuka, ukaizika kwa kosa la ukweli wake.

Kipimo cha uhakika cha nyumbani hakipo. Sonara ana kalamu ndogo ya umeme, anaigusisha kwenye jiwe, nayo inasoma joto linavyopita. Hata hiyo hudanganywa na jiwe moja la kutengenezwa linaloitwa moisanaiti, kwa hiyo sonara mzuri hutumia kalamu ya pili, na hutazama kwa lenzi kama kingo za jiwe bado ni kali au zimelika. Yote hayo hayachukui muda, na anafanya mbele yako. Usikubali kuiacha dukani. Watu wengi huogopa kubadilishiwa jiwe nyuma ya pazia, na ukiniuliza mimi kwa nini mume wako alikukataza kwenda kwa sonara, hilo ndilo la kwanza ningelifikiria kwa mtu anayekausha majani ya chai ayatumie tena. Inawezekana pia alikuwa anajua jiwe lake ni la aina gani. Sijui. Nawe hujui. Aliyejua yuko Rombo.

Sasa nikukaripie kidogo. Wewe umezaliwa kwenye utani, umekua kwenye utani, halafu mtani amekuja msibani akafanya kazi yake, ukaichukua kama taarifa ya polisi. Kidawa akisema pete ni kitako cha chupa hajapima kitu. Amekuona hujacheka tangu mazishi akatafuta la kukuchekesha, na kwa maneno yako mwenyewe alilipata. Kama angesema marehemu alikuwa na mkia, ungekwenda kufukua kaburi?

Lakini si Kidawa aliyekuweka kwenye hali hii. Rudia barua yako. Ukungu ulipokaa, dalili ya bandia, ulisikia nafuu kama mtu aliyevua viatu. Kioo kilipokwaruzika, dalili ya kweli, moyo ulianguka. Ni mke gani wa mtu anayeomba almasi yake iwe chupa? Nitakwambia ni yupi. Ni yule aliyeambiwa mbele ya wakwe kwamba atoe pete yake, naye hataki, na anaona aibu kusema hataki. Ikiwa bandia, umesema, "itabidi nibaki nayo mwenyewe, hakuna namna." Mama, namna ipo. Huhitaji jiwe lishindwe mtihani ndipo uruhusiwe kubaki nalo. Nusu ya vioo vya Garland umeviharibu ukitafuta ruhusa ambayo ungeweza kujipa ukiwa umekaa.

Fanya hivi. Leo, si kesho, mwite Brandon umwambie, "Mwanangu, hii pete bado sijaivua." Usieleze zaidi. Ni kijana mzuri aliyeahidi kitu ambacho si chake, kosa la kawaida, atapona. Baba yake alitafuta pete mwenyewe na tai akavaa, naye atafute. Wala usinunue nyingine ya kufanana nayo ukampa Kanana, maana hapo ndipo utakapokuwa umeleta bandia ya kwanza ambayo tuna uhakika nayo.

Ukishamaliza hilo, na kabla ya hilo usiende, nenda kwa sonara ukitaka kujua. Huenda utagundua hutaki tena, nayo ni sawa. Ukienda, mchukue Kidawa akuendeshe. Kalamu ikisema ni ya kweli, mtani ana adhabu yake kwa mila zenu, ataosha masufuria yote ya harusi peke yake akiwa amevaa hilo koti. Ikisema si ya kweli, utahitaji mtu wa kukuchekesha kwenye gari mpaka Garland, na hapa Texas yote hakuna anayeiweza kazi hiyo kama yeye.

Halafu safari ya Pearland. Nenda mwenyewe kabla hawajakuingiza huo mpira. Inua sahani ya sambusa, au kitambaa, au chochote walichoweka hapo, onyesha mkwaruzo, sema ulikuwa nini. Watashtuka, halafu Baba Kanana atacheka, maana mtu anayeomba kwa marefu hivyo huwa ana subira. Hata wasipocheka, binti yao amekuwa akiuliza hali ya tumbo lako kila asubuhi kwa mwezi mzima, na wewe umekuwa ukimjibu uongo. Huyo ni mtoto wa kuambiwa ukweli.

Na Jumamosi itakayofuata mwalike Kanana Garland. Vua pete, mwambie aivae kidole cha mwisho, akae kwenye ile stuli, akiinue juu kama kimeumwa na nyuki, asipokee simu. Mweleze ni nani aliyekuwa akiishika zamu hiyo kabla yake. Ukimaliza kukanda, nawa mikono, mdai pete yako.